ScummVM kwenye laptopu ya mtumba: uzoefu wangu na magemu ya zamani hapa Lamu

ScummVM nimeijaribu hapa Lamu mjini kwa vyombo viwili: laptopu ya mtumba yenye RAM ya GB 4 na skrini ya 1366 kwa 768, na simu ya kawaida ya Android. Kazi yake ni kuyafufua yale magemu ya mafumbo ya miaka ya 1980 na 1990, ambamo mchezaji huchunguza kila chumba, huokota chochote kisichofungwa, huongea na kila mtu, kisha hukaa akiwaza kuku wa mpira mwenye kapi tumboni atamfaa kwa nini. Kauli yangu naitanguliza. Programu ni ya bure, nayo imeshinda njia zote nilizowahi kujaribu, ila yataka kupangwa. Ikipangwa vibaya picha huja imebonyea na muziki huja pungufu, na mtu huondoka akidhani magemu yenyewe ndivyo yalivyokuwa. Hayakuwa hivyo hata kidogo.

Jina limetokana na SCUMM, mfumo ulioundwa Lucasfilm Games na Ron Gilbert na Aric Wilmunder kwa ajili ya Maniac Mansion, gemu la mwaka 1987. Magemu haya yana sehemu mbili. Kuna injini, yaani programu inayoliendesha gemu, na kuna mafaili ya data yenye picha, sauti, mazungumzo na mafumbo. Injini nyingi za kale ziliandikwa kwa ajili ya kompyuta za DOS, ambazo leo hazipo. ScummVM, iliyoanza mwaka 2001, huiweka injini ya kale kando na kuisoma data kwa injini yake yenyewe. Shehena ni ile ile, chombo ndicho kilichobadilishwa. Hapo ndipo inapoachana na DOSBox, ambayo huiga kompyuta nzima ya zamani na kukuachia wewe kazi ya kushusha na kupandisha mwendo kwa Ctrl+F11 na Ctrl+F12 mpaka mhusika aache kukimbia kama mwizi. Kwa ScummVM mwendo hutoka sawa wenyewe, na laptopu ya mtumba haipati joto la bure, jambo ambalo kwa hali ya hewa ya kwetu lina uzito.

Basi data ni lazima uwe nayo, kwa sababu ScummVM haiji na gemu lolote ndani. Anza na yale ambayo wenyewe waliyatoa bure: Beneath a Steel Sky ya 1994, iliyotolewa bure mwaka 2003, na Flight of the Amazon Queen ya 1995, iliyotolewa bure mwaka 2004. Yote mawili yanapakuliwa kwenye tovuti ya ScummVM yenyewe. Anayetumia Ubuntu au Debian kazi yake ni nyepesi zaidi: aandike sudo apt install scummvm beneath-a-steel-sky flight-of-the-amazon-queen, na vyote huja pamoja. Beneath a Steel Sky ina toleo la disketi na toleo la CD. La CD ni kubwa zaidi kwa sababu wahusika wanasema kwa sauti. Kama bando lako ni dogo, chukua la disketi, hadithi haipungui.

Kuingiza gemu ni rahisi, ila kuna mahali watu wengi hukwama. Faili la zip lifungue kwanza. Kisha kila gemu lipe folda yake, usiyachanganye mawili pamoja. Bofya kitufe cha "Add Game", ionyeshe folda, nayo italitambua gemu kwa mafaili yake. Monkey Island ya CD inataka MONKEY.000 na MONKEY.001. Fate of Atlantis inataka ATLANTIS.000 na ATLANTIS.001. Day of the Tentacle inataka TENTACLE.000 na TENTACLE.001, pamoja na MONSTER.SOU lenye sauti za wahusika. MONSTER.SOU likikosekana gemu litacheza, lakini kila mtu atakuwa bubu na maneno yataonekana kwa maandishi tu. Ukinunua gemu kwa njia ya mtandao ukapewa kisakinishi cha Windows, nawe uko Linux, tumia innoextract ukitoe kilichomo ndani. Faili la exe lenyewe ScummVM haina haja nalo.

Sasa picha, na hapa naomba msomaji asipite haraka. Magemu mengi ya wakati ule yalichorwa kwa doti 320 kwa 200, lakini skrini za vioo za enzi hizo zilikuwa na umbo la 4 kwa 3. Kwa hiyo kila doti ilikuwa ndefu kuliko upana wake, mara 1.2. Kwenye skrini ya leo doti ni mraba, picha nzima inashuka, mwezi unakuwa yai lililolazwa na watu wanakuwa wafupi wenye mabega mapana. Dawa ni chaguo la "Aspect ratio correction" katika mipangilio ya picha. Hakikisha limewashwa. Hapo 320 kwa 200 inachorwa kama 320 kwa 240. Kwa skrini ya 768, picha ikikuzwa mara 3 inakuwa 960 kwa 720 na inaenea vizuri, ikiacha weusi pembeni. Usiivute ijaze skrini nzima, utaharibu tena kile ulichokirekebisha. Kuna kasoro moja ndogo: mistari 200 haigawanyiki sawasawa ndani ya 720, hivyo mingine inakuwa minene kidogo kuliko mingine, na herufi ndogo zinaonekana zimeyumba. Washa ulainishaji wa picha, kasoro hiyo inafifia.

Vichujio vile vya HQ vinavyolainisha kingo mimi nimevizima vyote. Katika toleo la rangi 16 la Monkey Island ya 1990, mchoraji Mark Ferrari alipanga doti za rangi mbili kwa zamu ili jicho lione rangi ya tatu ambayo kompyuta haikuwa nayo. Anga ya usiku ya kisiwa cha Mêlée ilitengenezwa kwa ufundi huo. Kichujio hakijui hilo. Kinaziona doti zile kama uchafu, kinaziunganisha, na anga inakuwa kama nta iliyoyeyuka. Ni kama kupiga rangi ya mafuta juu ya mlango wa nakshi.

Upande wa muziki, chaguo la kwanza ni AdLib, kadi ya sauti ya enzi hizo, na kwa laptopu nyepesi linatosha. Ndani yake kuna namna tofauti za kuiga chipu ya kadi hiyo. Nuked ndiyo inayotoa sauti karibu zaidi na chipu halisi lakini inaibebesha prosesa mzigo mkubwa. Sauti ikikatika katika, rudi kwenye namna iitwayo DOSBox au ile ya MAME. Wenye kutaka kusikia kile watunzi walichokikusudia watumie Roland MT-32, mtambo wa muziki wa mwaka 1987. ScummVM huweza kuuiga, ila inahitaji mafaili mawili, MT32_CONTROL.ROM na MT32_PCM.ROM, ambayo haiji nayo. Kwangu feni ya laptopu ilianza kulia dakika chache baada ya kuiwasha, lakini sikuizima. Monkey Island 2 ya 1991 ndiyo inayostahili tabu hiyo. Michael Land na Peter McConnell waliiundia mfumo wa iMUSE, ambao muziki hubadilika bila kukatika kadiri unavyotembea. Katika mji wa Woodtick, ukiingia nyumba hii kinapanda chombo kingine cha muziki, ukitoka wimbo unarudi ulipokuwa. Tumia hedifoni.

Kosa linalowapata wengi ni la Monkey Island ya kwanza ya CD. Muziki wake haumo ndani ya mafaili. Umewekwa kwenye CD kama nyimbo za kawaida za kusikiliza, kwa hiyo anayenakili mafaili peke yake hupata gemu lisilo na muziki. Zitoe nyimbo zile kwa programu ya kunakili CD za muziki, zihifadhi kama ogg au flac, uzipe majina track1.ogg, track2.ogg na kuendelea bila kuruka namba, kisha uziweke kwenye folda moja na MONKEY.000.

Kwa sisi tulio pwani kuna jambo la CD na disketi zenyewe. Chumvi na unyevu havizionei huruma. Ukungu hushika disketi kwa ndani, na ukiisukuma yenye ukungu kwenye kisomeo unakichafua kichwa chake, kisha kisomeo kinaharibu na disketi nzima zitakazofuata. Telezesha kibati chake uangalie kwanza. Ukiona madoa meupe, usiiingize. Kisomeo cha USB kinachouzwa siku hizi ni cha disketi za inchi 3.5 tu, zile pana za inchi 5.25 hazisomi. CD yenye utando ioshe kwa maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, uipanguse kwa kitambaa laini kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe, kwa sababu mkwaruzo unaofuata mzunguko ndio unaoishinda leza. Ikikubali kusomwa, tengeneza nakala ya ISO saa hiyo hiyo. Ikisuasua, tumia ddrescue, ambayo huchukua kwanza vinavyosomeka na kurudia sehemu mbovu baadaye. Nakala moja iweke kwenye flashi, nyingine mahali mbali na flashi hiyo.

Stima ikikatika, ScummVM imejihami: hujihifadhia yenyewe kila baada ya dakika 5, kama hujabadilisha mpangilio. Hata hivyo usiutegemee mpango huo kwa magemu ya kampuni ya Sierra. Katika King's Quest V, ukiula mkate wa kastadi mapema utajuta baadaye, maana ndio silaha yako pekee dhidi ya yeti, na gemu halikuambii kuwa umekwisha kupotea. Hapo nafasi moja ya kuhifadhi haitoshi. Mimi hufungua nafasi mpya kila ninapoingia eneo jipya. Magemu ya LucasArts, jina la baadaye la Lucasfilm Games, yana huruma zaidi. Katika Monkey Island ya kwanza mhusika mkuu, Guybrush, hufa kwa njia moja tu ninayoijua, akiachwa chini ya maji zaidi ya dakika 10.

Kuhamisha ulichohifadhi kutoka laptopu kwenda simu kunawezekana, ila angalia jina. Faili huitwa, kwa mfano, monkey.s01, na neno lililo kabla ya nukta ni kitambulisho cha gemu ndani ya orodha yako. Kama kwenye simu gemu limesajiliwa kama monkey-1, halitaliona faili lile mpaka ulibadilishe jina.

Simu yenyewe naipa alama za wastani. Programu ni nzuri, kidole ndicho kinene. Doti 320 zikiingia kwenye skrini ya simu, ufunguo ulio mezani unakuwa mdogo kuliko punje ya mchele, na kidole kinaufunika. Badilisha namna ya kugusa kutoka kubofya moja kwa moja kwenda ile ya kiguso, ambayo unatelezesha kidole popote na mshale unafuata. Mguso wa vidole viwili ndio kitufe cha kulia, na bila huo Beneath a Steel Sky haichezeki: humo kitufe cha kushoto ni kutazama na cha kulia ni kutenda. MONSTER.SOU likijaza memori kadi, zana za ScummVM zinalibana likawa monster.sog, na masikio hayatambui tofauti.

Lugha ni Kiingereza, hilo lazima nilitaje kwa wanaotaka kuwachezesha vijana. Magemu ya mwanzo ya Sierra, kama King's Quest ya 1984, hutaka uandike amri kwa Kiingereza, na yanawachosha. Monkey Island ya CD ina vitenzi 9 tu vya kubofya. Kwenye magemu ambayo wahusika wanasema, washa maandishi pamoja na sauti, na upunguze kasi ya maandishi. Tena wa pwani wana sababu ya kuipenda Monkey Island zaidi kuliko wengine: upanga humo haushindi kwa mkono, unashinda kwa jibu. Mpinzani anakutupia tusi, nawe lazima ulirudishe kwa jibu linalolingana nalo, kama washairi wanaojibizana. Majibu unajifunza kwa kushindwa na maharamia njiani. Ukifika kwa bingwa wa upanga, matusi yake yote ni mapya, na ni juu yako kutambua lipi kati ya majibu uliyonayo linamkata. Fumbo zuri kuliko hili sijalikuta katika magemu ya aina hii.

Kwa jumla naipa nyota nne na nusu kwa tano. Nusu nimeiondoa kwa sababu mipangilio imetawanyika kwenye kurasa nyingi, na mgeni hajui kipi ni cha gemu moja na kipi ni cha magemu yote. Kanuni ni hii: ukichagua gemu kwenye orodha na kufungua mipangilio yake, ile ya gemu hilo ndiyo inayoshinda ile ya jumla. Grim Fandango ya 1998 nayo inaendeshwa siku hizi, kwa mafaili yake yenye mwisho wa LAB, lakini ni gemu la 3D la 640 kwa 480. Laptopu yenye kadi dhaifu ya picha ichague TinyGL, inayochorwa na prosesa yenyewe, na uichezee karibu na dirisha lenye upepo.