Graveli Usambara: njia na muongozaji nawapa tano, baiskeli zao mbili na nusu

Wadau mliokuwa mnauliza kuhusu ile ziara ya graveli (baiskeli za njia za changarawe) ya Usambara, ile ya Lushoto mpaka Mtae, nimeshaenda na haya ndo maoni yangu. Kampuni siitaji jina maana nina ya kulalamika na sitaki kesi na mtu, lakini wanaouza hiyo njia wapo kadhaa na wengi wanafanana, kwa hiyo mkisoma mtajua cha kuuliza kabla ya kulipa.

Kwa kifupi mzigo ulivyo: wanakupokea Mombo au Lushoto, wanakupa baiskeli na helmeti, mabegi yanapanda pikapu, nyie mnapedali na jamaa mmoja mbele yenu anayejua kila njia ya panya. Kulala na kula humo humo. Bei wanakutajia kwa dola hata kama wewe ni wa Tanga hapo chini tu, hilo limenikera ila ukiomba bei ya mzawa inashuka, sasa kwa nini usiniambie toka mwanzo?

Tuanze na baiskeli maana hapo ndo pana shida. Kutoka Mombo mpaka Lushoto ni kama kilomita 33 za lami na unapanda karibu mita elfu moja, halafu Lushoto yenyewe iko kwenye mita 1,400 hivi na huko unakoenda ni juu zaidi. Huko mlimani hamna tambarare jamani. Ni kupanda, kushuka, kuvuka kamto, kupanda tena, na kuna vipande vifupi lakini vimesimama kiasi kwamba tairi la mbele linataka kunyanyuka. Sasa jamaa wamenipa graveli yenye gia za watu wa mbio, sprokti (lile gurudumu la meno linaloshika cheni) ya mbele kubwa moja na nyuma kasprokti kadogo dogo, yaani gia nyepesi kuliko zote bado ni nzito. Unasimama kwenye pedali, tairi la nyuma linateleza kwenye changarawe, unakaa, miguu inagoma, mwisho unashuka unasukuma huku akina mama wenye mizigo ya kabichi kichwani wanakupita wanakupa pole. Mtu yeyote anayekodisha baiskeli kwa milima ile inabidi sprokti kubwa ya nyuma iwe na meno sawa na ya mbele au yazidi. Hii sio anasa.

Tairi nazo zilikuwa nyembamba, milimita 38, zenye tyubu. Kwa udongo ule mwekundu ukiwa mkavu zinaenda freshi tu, ila ikinyesha hata nusu saa ule udongo unanata kama unga wa ngano, unajaa kati ya tairi na fremu mpaka gurudumu linagoma kuzunguka na unabaki unachokoa na kijiti. Ungekuwa na tairi ya 45 au zaidi kwenye fremu yenye nafasi, isiyo na tyubu na ile dawa ya maji ndani ya kuziba matundu, na upepo ukaupunguza kidogo, ungeenjoi siku nzima. Breki angalau zilikuwa za diski za mafuta, hapo nawapongeza, ila pedi za nyuma za baiskeli yangu zilikuwa zimekwisha hadi chuma kinakwaruza chuma na nimegundua hilo kwenye mteremko, sio pale tulipopewa. Muongozaji alinibadilishia hapo hapo barabarani maana alikuwa nazo za spea kwenye begi lake, za kwake mwenyewe, sio za kampuni.

Na huyu jamaa sasa, aisee. Kama unalipia kitu kwenye hii ziara basi unamlipia yeye. Msambaa wa huko huko, kila kijiji ana shangazi. Barabara kubwa ile wanayopita magari ya mboga ya soko la Lukozi yeye haitaki, anakukatisha kwenye vinjia vya katikati ya mashamba ya viazi na karoti, mara uko kwenye msitu wa Magamba baridi linakupiga na mbega wanaruka juu, mara umetokea kwenye ukingo wa mwamba wa Irente na huko chini unaiona barabara kuu na mashamba ya mkonge kama mita elfu moja hivi chini yako. Hapo Irente kuna shamba la Walutheri wanauza jibini na mkate mweusi wa kwao, simameni hapo hata kama hamna njaa.

Vijiji ndo vimenifanya niandike hii. Siku ya Vuga tuliingilia upande wa Soni, na nilidhani tunaenda kuona jengo fulani la kifalme, kumbe hamna jengo. Vuga ndo ilikuwa makao ya wafalme wa Wakilindi, ukoo uliowatawala Wasambaa, waliitwa Simba Mwene, na chini ya Kimweri ye Nyumbai utawala wao ulishuka hadi huku pwani. Kimweri alifariki 1862, ugomvi wa kurithi ukaanza, mji ukachomwa moto. Nyumba zenyewe zilikuwa za miti na nyasi kwa hiyo usitegemee magofu. Ila ukikaa pale na mtu anayejua kusimulia unapata habari ya Mbegha, yule mwindaji aliyetoka milima ya Nguu, akawa anaua nguruwe wanaomaliza mashamba ya watu na kuwagawia nyama mpaka wakamfanya mfalme, na unaambiwa ukiwa unaangalia mashamba yale yale, mteremko ule ule. Kampuni kwenye tangazo lao wameandika mstari mmoja tu kuhusu Vuga, ni uzembe, wangeiweka mbele kabisa.

Mlalo ni habari nyingine. Unaiona kutoka juu kwanza, mji umejazana bondeni, nyumba za udongo za ghorofa moja zenye baraza za mbao huko juu, nyingine mbao zimechongwa vizuri tu. Wamisionari wa Kijerumani waliingia hapo 1891 wakapaita Hohenfriedeberg, jina ambalo halikushika. Kushuka kwenda huko ni raha ya ajabu na ndo hapo pedi zangu zilipoanza kulia. Tulipofika chini mzee mmoja kakaa kibarazani akaniita nisogeze baiskeli. Nikamwambia shikamoo babu, akaitika marahaba huku hata haniangalii mimi, anaangalia gurudumu.

"Mjukuu, mpira wa breki uko wapi humu?"

Nikamwonyesha diski. Akaigusa, akaachia haraka maana ilikuwa ya moto, akasema hicho kisahani kitakuunguza siku moja, ya kwangu phoenix nabadilisha mpira kwa hela ya chai. Sikuwa na jibu kwa kweli.

Kulala: Rangwi tulilala kwa masista, vyumba safi, chakula cha moto, kimya usiku, sina la kusema zaidi. Mtae gesti ilikuwa ya kawaida, maji ya kuoga ya ndoo, lakini kijiji kimekaa kwenye ukingo wenyewe wa mlima, pande zote pameporomoka, chini ni hifadhi ya Mkomazi na asubuhi kukiwa hamna ukungu unaona Kilimanjaro. Sisi ukungu ulikuwepo, tuliona shingo ya mlima kwa dakika chache tu halafu basi.

Sasa tukio la Lukozi. Mwenzetu alianguka upande wa cheni, kile kidude cha nyuma kinachohamisha cheni kikapinda kuingilia spoku. Begi la vifaa la kampuni lina pampu, viraka, spana za nyota, na kile kipande cha aluminiamu kinachokishikilia hakimo, wakati kila muundo wa baiskeli una chake na huko mlimani huwezi kukipata hata ulie. Fundi wa pembeni ya soko, kijana tu, hajawahi kuona baiskeli ya namna ile, alikitazama muda mrefu, akakifunga spana ndefu, akawa anakivuta taratibu sana huku jicho moja limefungwa, anapima kwa gurudumu. Alitwambia nakinyoosha mara moja tu, kikipinda tena kitakatika. Akaziacha gia mbili za mwisho zisifanye kazi makusudi ili cheni isiingie kwenye spoku. Ikafika Mtae hivyo hivyo. Kampuni wanatakiwa kubeba hicho kipande cha spea kwa kila baiskeli, ni kidogo kuliko kiberiti, hamna kisingizio.

Kwa hiyo kama mnakwenda: Machi hadi Mei msijaribu, masika huko njia zinageuka utelezi mtupu na hata pikapu inakwama. Juni hadi Agosti ni pakavu kiasi ila baridi kali na ukungu, bebeni jaketi la ukweli. Mimi ningeenda Januari au Februari. Mwenye baiskeli yake aende nayo, hata mauntenibaiki ya kawaida yenye gia nyepesi itamfaa kuliko zile graveli zao, halafu aombe punguzo maana hakodi. Asiye nayo awaulize kwa meseji kabla hajalipa: meno ya mbele mangapi, ya nyuma mangapi, tairi upana gani, pedi zimebadilishwa lini. Wakianza kuzunguka zunguka kujibu, tafuteni wengine. Na bakshishi ya muongozaji mpeni mkononi mwake, msiiweke kwenye bahasha ya ofisini.