Moduli ya redio ya LoRa yenye chipu ya SX1276: inafika mbali, lakini usiiache kwenye SF12

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitumia moduli za LoRa, yaani redio ndogo za kutuma data chache hadi mbali, zenye chipu ya SX1276, kukusanya vipimo vya kina cha maji kwenye matangi, na kwa kuwa karibu kila anayeziulizia huanza na swali la umbali, nimeona ni vyema niandike juu ya jambo ambalo karatasi ya bidhaa haikuligusa kabisa, yaani namna moduli hizi zinavyoishi pamoja zinapokuwa nyingi na kila moja inarusha ujumbe wake wakati wowote ipendapo. Chipu yenyewe ni ya Semtech, ila bodi ndogo inayoibeba ilitengenezwa na kampuni nyingine ambayo sitaitaja.

Nianze na linalostahili sifa. Redio rahisi, kama zile za rimoti za mageti, hubeba biti kwa kuwasha na kuzima wimbi, na kelele kidogo tu hewani hutosha kuzichanganya. LoRa huliburuta wimbi kutoka upande mmoja wa chaneli hadi mwingine, mfano wa mluzi unaopanda, na maana ya kila alama imo mahali mluzi ulipoanzia. Mpokeaji anayelijua umbo la mluzi huo huweza kuutambua hata ukiwa umezama ndani ya kelele: katika mpangilio wa SF12, ambao mluzi wake ni wa polepole kuliko yote, ishara husomeka ikiwa desibeli 20 chini ya kelele, yaani nguvu yake ikiwa sehemu moja tu ya mia ya nguvu ya kelele, na katika SF7, ulio wa haraka zaidi, ikiwa desibeli 7.5 chini. Tangi langu la mbali zaidi, ambalo redio niliyokuwa nayo awali haikuwahi kulisikia hata mara moja, lilianza kuleta vipimo siku ileile nilipofunga moduli hii, na nakiri kwamba nilifurahi kupita kiasi.

Umbali huo, hata hivyo, hulipiwa kwa muda. Kila unapopanda ngazi moja kutoka SF7 kuelekea SF12, alama moja hubeba biti moja zaidi, lakini muda wake huwa maradufu. Kwenye chaneli ya kHz 125, alama ya SF7 huchukua takriban milisekunde 1 na ya SF12 takriban milisekunde 33. Ujumbe wangu wa baiti 20, ukijumlisha utangulizi (miluzi ya mwanzo ya kumzindua mpokeaji) na kichwa chake, hukaa hewani milisekunde 57 kwa SF7 na sekunde 1.3 kwa SF12. Programu ya mfano iliyokuja na moduli hizi ilikuwa imewekwa SF12, bila shaka ili mnunuzi avutiwe na umbali siku ya kwanza, na hapo ndipo penye lawama yangu kubwa kwa mtengenezaji.

Kurusha bila kusubiri zamu si jambo jipya. Mtandao wa kompyuta kwa redio uitwao ALOHA, ulioanza kazi mwaka 1971 katika Chuo Kikuu cha Hawaii chini ya Norman Abramson, ulifanya hivyohivyo, na hesabu yake ingali inatawala: chaneli ya namna hiyo haiwezi kupitisha zaidi ya asilimia 18 hivi ya uwezo wake, na hata muda ukigawanywa katika vipande ambavyo kila mmoja anavifuata, kikomo ni karibu asilimia 37. Chukua sensa 30, yaani vihisi kama hivi vyangu vya matangi, zinazotuma mara moja kwa dakika kwenye chaneli moja. Kwa SF7, ujumbe una nafasi ya takriban asilimia 94 ya kupita bila kugongana na mwingine. Kwa SF12, nafasi hiyo hushuka hadi asilimia 27 hivi. Moduli ni ileile, antena ni ileile, na ujumbe ni uleule. Ukiwa Ulaya utakuwa pia umevunja kanuni, kwa sababu sehemu kubwa ya masafa ya MHz 868 inaruhusu kifaa kurusha asilimia 1 tu ya muda, yaani sekunde 36 kwa saa, ilhali SF12 kwa mwendo huo inakula sekunde 79.

Nililijua hilo kwenye vitabu kabla ya kulionja. Sensa mbili zilizokuwa zikipata umeme kutoka chanzo kimoja ziliwaka kwa pamoja baada ya umeme kukatika na kurudi, na kuanzia hapo moja ikanyamaza. Nilibadilisha antena, nikabadilisha moduli nzima, nikailaumu betri, na bado ikanyamaza. Kumbe zote mbili zilikuwa zikirusha kila baada ya sekunde 60, kwa wakati uleule, na ile iliyo karibu na mpokeaji, ambayo ishara yake ilikuwa na nguvu zaidi kwa desibeli kadhaa, ndiyo iliyokuwa ikisikika na kuifunika nyenzake. Saa za bodi mbili zikipishana kwa sehemu 10 katika milioni, tofauti yao kwa dakika haifiki hata milisekunde moja, hivyo ujumbe wa sekunde 1.3 huhitaji siku moja na nusu ili ujinasue wenyewe. Dawa ilikuwa kuongeza ucheleweshaji wa nasibu kati ya sekunde 0 na 20 kabla ya kila ujumbe. Mara ya kwanza haikusaidia, kwa aibu yangu, kwa sababu bodi zote mbili zilikuwa na programu ileile na zilianza na mbegu ileile, yaani namba ya kuanzia ya hesabu ya nasibu, kwa hiyo ziliendelea kuchelewa kwa pamoja kama mapacha. Nilipoanza kuchukua mbegu kutoka kelele ambayo chipu yenyewe huipima kwenye rejista zake, ukimya uliisha.

Chipu ina kifaa kingine kizuri ambacho karatasi ya bidhaa ilikitaja kwa mstari mmoja tu: kabla ya kurusha, inaweza kusikiliza kwa muda wa alama mbili hivi na kukuambia kama kuna utangulizi wa LoRa hewani. Kupima nguvu ya wimbi tu hakutoshi hapa, maana ishara iliyo chini ya kelele haipandishi mizani. Usikitegemee mno, kwa kuwa kiliundwa kutambua utangulizi wala si katikati ya ujumbe, na sensa mbili zilizo pande mbili za mlima hazitasikiana hata zikisikiliza kutwa. Kilichonisaidia zaidi ni kuzigawa sensa: zilizo karibu na mpokeaji, zote SF7, chache za mbali SF9 na SF10, na moja tu SF12, kwani mipangilio tofauti kwa kiasi kikubwa haiingiliani hata kwenye chaneli moja, mradi mpokeaji aweze kuisikiliza yote.

Kuhusu bodi yenyewe, ubora wa uchomeleaji ni mzuri na matumizi ya umeme ni kama chipu inavyoahidi: takriban miliampea 120 inaporusha kwa nguvu ya dBm 20 (miliwati 100), na karibu na sifuri inapolala. Pini zake hazivumilii volti 5, jambo lililoandikwa kwa herufi ndogo nyuma ya bodi, na kurusha bila antena kunaweza kuharibu kikuza nguvu. Lakini pini ya DIO1, inayotoa taarifa kwamba utangulizi umesikika hewani, haikuletwa ukingoni, hivyo programu inalazimika kuiuliza chipu mara kwa mara badala ya kuarifiwa, na huo ni ubahili usioeleweka.

Anayetaka sauti, picha au jibu la papo hapo atafute redio nyingine. Kwa anayetuma baiti chache mara chache, nazipa nyota nne kati ya tano, na tayari nimeagiza nyingine kumi, ambazo nitazichomelea uzi wa DIO1 kwa mkono kabla ya kuzifunga.