Naitrojeni ya Kulinda Divai: Mtungi, Mashine au ya Kimiminika?

Muuzaji wa naitrojeni huanza kwa kukuuliza unataka usafi wa asilimia ngapi. Mwache asubiri. Kwanza jua siku yako yenye kazi nyingi kuliko zote inakula mita za ujazo ngapi za gesi, maana hapo ndipo wengi hununua kidogo mno au kupita kiasi.

Chukua tangi lenye nafasi tupu ya lita 2,000 juu ya divai, ambayo hewa yake unataka kuiondoa ili oksijeni isiharibu divai. Lita moja ya naitrojeni ina gramu 1.25 hivi, ya hewa 1.29. Kwa hiyo naitrojeni hailali juu ya divai kama blanketi, hata uambiwe nini. Inachanganyika na hewa na kuisukuma nje kidogokidogo. Ukipitisha gesi mara 3 ya ujazo wa nafasi hiyo, oksijeni hushuka kutoka asilimia 21 hadi kama 1. Mara 4, hufika karibu 0.4. Mara 4 ya lita 2,000 ni mita za ujazo 8, na mtungi wa lita 50 uliojazwa kwa ba 200 (ba ni kipimo cha presha) hutoa takriban 10. Tangi moja limekula karibu mtungi mzima, na ukifungua mfuniko kuchungulia, unaanza upya.

Sasa usafi. Divai ya nyuzi 20 iliyoshiba hewa hubeba takriban miligramu 8 za oksijeni kwa lita. Ikikaa chini ya gesi yenye usafi wa asilimia 95, bado inaweza kufyonza hadi miligramu 2, kisha ikizitumia inafyonza nyingine. Kwa gesi ya 99.5 kiwango hicho ni kama 0.2. Usishuke chini ya 99.5. Kwa kupuliza ndani ya divai na kwa kujaza chupa, tafuta 99.9.

1. Mitungi

Kwa anayetumia chini ya mitungi miwili kwa wiki, hakuna kinachoshinda hii. Haihitaji umeme wala fundi, na gesi yake ni safi kuliko unavyohitaji. Dai gesi ya daraja la chakula. Mara nyingi lebo huandikwa E941, alama ya naitrojeni ya chakula. Nunua regyuleta (kifaa cha kupunguza presha) ya hatua mbili ya naitrojeni yenyewe, kwa sababu ile ya kaboni dioksidi haikuundwa kwa presha ya ba 200. Weka mitungi miwili kwenye vali ya kubadilishana ili gesi isikate katikati ya kazi, na kila mmoja ufungwe mnyororo ukutani.

2. Mashine ya PSA

Hii hupitisha hewa iliyokandamizwa kwenye minara miwili yenye chembe za kaboni zinazonasa oksijeni na kuacha naitrojeni ipite. Matumizi yakipita mitungi miwili kwa wiki, mwaka mzima na si msimu wa mavuno tu, hapo ndipo inapoanza kujilipa.

Ujanja wa kuangalia uko kwenye karatasi ya vipimo. Mashine ileile hutoa gesi nyingi ikiwekwa kwenye asilimia 95, na kidogo sana ikiwekwa kwenye 99.9. Ukitajiwa mita za ujazo 10 kwa saa, uliza ni kwa usafi upi, na uandikiwe. Tangi la akiba nalo hudanganya macho: la lita 500 likishuka kutoka ba 8 hadi 1 linakupa mita za ujazo 3.5 tu.

Kinachoua mashine hizi ni maji na mafuta kutoka kwenye kompresa. Usinunue bila kikausha hewa, filta ya mafuta na filta ya kaboni mbele yake. Ukiona vumbi jeusi kwenye filta ya kutokea, chembe zimeanza kusagika na usafi utafuata kushuka.

3. Kimiminika

Chombo cha lita 180 hubeba gesi ya kama mitungi 12, kwani lita moja ya kimiminika hutoa takriban lita 690 za gesi. Kwa msimu mfupi wenye kazi nzito, inafaa sana. Tatizo ni kwamba huchemka yenyewe kwa nyuzi 196 chini ya sifuri, hivyo unalipia hata siku usizofanya kazi. Gesi inayovuja hujaza chumba bila harufu na kufukuza oksijeni ya kupumua. Usiiweke ndani bila king'ora cha oksijeni kinacholia ikishuka chini ya asilimia 19.5.

4. Mashine ya utando

Hii hutenga naitrojeni kwa kupitisha hewa kwenye utando wa nyuzinyuzi. Ndogo, kimya, haina vitu vingi vinavyosogea. Lakini ikipandishwa hadi 99.5 hutumia hewa nyingi kupita kiasi, na mafuta yakiingia kwenye nyuzinyuzi hizo unabadilisha utando wote. Kwa divai, iwe chaguo la mwisho.

Bajeti iache pesa ya vifaa vidogo. Tangi lililofungwa linahitaji vali ya presha na ombwe. Bila hiyo, pampu ikivuta divai nje, kuta hujikunja kuelekea ndani. Jiwe la kupulizia la chuma cha pua, linalopuliza mapovu madogo ya gesi kwenye divai ili kutoa oksijeni, hufanya kazi vizuri divai ikiwa nyuzi 15 hadi 20. Anza na lita 0.3 za gesi kwa lita ya divai, upime kabla ya kuongeza, kwa sababu mapovu yanayobeba oksijeni hubeba na harufu nzuri pia.

Mita ya oksijeni iliyoyeyuka inunuliwe siku ileile na gesi. Pima kabla na baada ya kuhamisha divai. Namba ikipanda wakati matangi yote mawili yana naitrojeni, usilaumu gesi kwanza: kagua upande wa pampu unaovuta, kwani gasketi iliyolegea pale hunyonya hewa bila kudondosha hata tone.