Sindano ya nyama za pua: dawa naisifu, waliyonifanyia Mokowe sijasahau

Nina hasira, mnivumilie. Nyama za pua nimekaa nazo miaka. Nimepasuliwa mara mbili, mara mbili zikaota tena, na dawa ya kupuliza nimepuliza hadi nikachoka. Harufu sikuwa nasikia kabisa. Wali waungua jikoni na mimi nimekaa papo hapo. Ndipo daktari akaniandikia dupilumab, sindano moja kila wiki mbili. Bei sitaji, mume wangu naye anasoma.

Baada ya sindano ya tatu hivi, nikipita uchochoro mmoja wa Langoni, mtaa wetu hapa Lamu, nikasikia harufu ya mavi ya punda. Wallahi nilisimama nikacheka peke yangu. Wenzangu wanaziba pua, mimi navuta!

Sasa haya. Mpwa wangu hunitumia dawa kwa basi kutoka Mombasa, ndani ya kisanduku chenye barafu. Inataka ubaridi wa friji, nyuzi 2 hadi 8, na ikiganda ni ya kutupa. Imeandikwa kwenye boksi. Safari hii, mwezi uliopita au ule wa kabla yake, sikupigiwa simu. Nikavuka mwenyewe siku ya pili hadi Mokowe, upande wa bara, basi linakoishia. Kijana wa vifurushi hata kichwa hakuinua.

"Mama, dawa yako tumeiweka pazuri, baridi kali."

Akanipa jiwe.

"Mwanangu, mbona imeganda?"

"Si itayeyuka? Iweke juani kidogo tu."

Wenzake wakacheka. Nikauliza imewekwa friza gani. "Friza ya dawa, mama." Pesa hawarudishi, risiti imeandikwa "mzigo". Labda mpwa wangu naye angewaeleza zaidi, sijui, lakini kusoma boksi ni kazi?

Nilitaka kuisifu dawa hii bila kubakisha. Pale jeti nikaghairi: dawa isiyostahimili joto letu wala ujinga wetu, sisi wa visiwani ya nini? Nikapanda boti nayo, angalau daktari aione. Katikati ya mkondo nikafungua boksi, nikapigwa na harufu ya nguru. Friza ya dawa! Pua yangu hii, iliyokufa miaka yote ile, imewashika uongo.

Nikamsogezea nahodha anuse. Akasema, "Mama, kwetu hapa kila kitu kinanuka nguru."