Kliniki ya pua Mbeya: jiwe limetoka, ila mapokezi mmh

Wenye pua inayonuka upande mmoja someni hii. Mdogo wangu wa Uyole tundu la kulia lilikua limeziba kitambo, linatoa makamasi ya njano yenye harufu mpaka anaona aibu kupanda daladala, akienda duka la dawa anapewa antibayotiki, inapoa kidogo alafu inarudi, na kila mtu anasema ni baridi ya huku. Baridi gani inachagua tundu moja jamani?

Ndo tukaenda kliniki moja ya masikio, pua na koo hapa mjini. Daktari yuko vizuri aisee, kaingiza kamera nyembamba puani tukaona kwenye skrini kitu cha kijivu kina mikwaruzo, akakigusa na kichuma, kikalia ko! kama kokoto. Akataka CT scan kujua ukubwa wake, akatuelewesha kwamba kitu kidogo kikiingia utotoni, labda shanga au punje, chumvi za kalsiamu na magnesiamu zinaganda juu yake miaka na miaka mpaka inakua jiwe. Wamelitoa kwa kamera hiyohiyo akiwa nusu kaputi, wakalivunja kwanza maana lilizidi tundu, usoni hana hata mchubuko. Katikati kulikua na shanga kweli! Sasa anasafisha pua kwa maji ya chumvi tu.

Ila mapokezi wanajibu utafikiri unawadai, na bima ulizeni mapema inalipia nini. Nyota nne.