Baada ya Kikao cha Dar es Salaam: Unguja au Mafia?

Mtumishi anayemaliza kikao Dar es Salaam siku ya Ijumaa, huku mwenzi na watoto wakiwa wameshamfuata, anaweza kuvuka kwenda Unguja kwa boti ya kasi kwa takriban saa mbili, na Mji Mkongwe, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, utawatosha hata kama ofisi itamwita ghafla Jumatatu. Mafia hufikiwa kwa urahisi zaidi kwa ndege ndogo, na nauli ya familia nzima ni mzigo. Hata hivyo, mwenye likizo ya siku nne ningemshauri aende Mafia, hasa kati ya Oktoba na Machi, watoto wakamwone papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, akiogelea taratibu karibu na Kilindoni.