Kenge wa Komodo na kulungu wa Timor

Katika kisiwa cha Komodo, Indonesia, kenge hujibanza kando ya njia ya wanyama, ulimi wake wa manjano, wenye ncha mbili, ukionja harufu hewani. Hufikia mita 3 na kilo 70 hivi. Meno yake yana makali ya msumeno, na sumu yake huzuia damu kuganda, hivyo hata kulungu akiponyoka, jeraha linaendelea kuvuja.

Kulungu ana masikio, mbio na, kwa dume, pembe. Dume lililokomaa laweza hata kumzidi kenge uzito.

Namhurumia kulungu, ila wasiwasi wangu mkubwa ni kwa kenge, aliyetangazwa mwaka 2021 kuwa hatarini kutoweka. Majangili wakimaliza kulungu, naye atakula nini?